Jina la Mji

Siku moja, nilipokuwa nakaa Irlandi, nilimchukua binti yangu, mwenye miaka kumi, tukaenda kutazama mji mdogo uitwao Graiguenamanagh. Mji huo uko kando ya mto Barrow. Wenyeji wausifu mto wao kwa kuwa ni wa pili kwa urefu katika nchi ile. Urefu wake ni kilometa 192 tu! Mtu aliyezoea Lualaba angecheka.

Daraja la mawe lavuka mto. Ng'ambo ya pili ni kijiji cha Tinnahinch. Zamani mashua za mizigo zilipita hapa, zikivutwa na farasi waliotembea ukingoni. Baadaye zilitiwa mashine, kiisha zikaacha kupita. Njia ya farasi ingaliko, nayo imeota majani.

Katikati ya mji kuna kanisa kubwa. Watawa Wasistersiani walianza monasteri yao hapo mwaka 1204. Mwaka 1536 mfalme wa Uingereza, Henry VIII, aliifunga. Mwaka 1744 mnara ulianguka, mawe yakajaa ndani ya kanisa. Watu walipolitengeneza tena hawakuyaondoa yale mawe, ila waliweka sakafu mpya juu yake. Basi, ukitaka kuona mlango wa kale wa watawa, huna budi kushuka ngazi.

Darajani tulimkuta mzee mmoja akivua samaki. Nikamwuliza: «Mzee, jina la mji huu maana yake nini?»

Akajibu: «Kwa Kiirlandi ni Gráig na Manach, yaani kijiji cha watawa. Na kule ng'ambo, Tinnahinch, ni nyumba ya uwanda wa mtoni.»

Binti yangu akafurahi. «Basi, useme nasi Kiirlandi!»

Mzee akainamisha kichwa. Alijua salamu, na sala alizofundishwa shuleni. Kwao nyumbani walisema Kiingereza tu.

Tukashuka na njia ya farasi hata kijiji cha St Mullins, ambapo maji ya bahari yakijaa huusukuma mto nyuma. Jina lake la kale ni Tigh Moling, nyumba ya Moling. Huyo alikuwa mtakatifu wa karne ya saba. Wasimulia kwamba alichimba kwa mikono yake mfereji wa kupeleka maji kwenye kinu chake, akafanya kazi hiyo miaka saba. Binti yangu aliutafuta mfereji huo majanini mpaka viatu vikalowa.

Mimi nilikuwa namfikiri yule mzee. Lugha yao haikufa siku moja. Waingereza walitawala, na mambo ya serikali na ya biashara yakawa ya Kiingereza. Kiisha, mwaka 1845, viazi vilianza kuoza mashambani. Katika miaka ya njaa ile watu kama milioni moja walikufa, na wengine wengi walipanda meli kwenda Marekani. Wazazi wakaona kwamba mtoto atakayesafiri ahitaji Kiingereza. Pengine mtoto alivikwa kijiti shingoni, kikakatwa alama kila aliposema neno la Kiirlandi. Jioni alama zilihesabiwa, naye akapigwa. Mara nyingi wazazi wenyewe walikubali jambo hilo. Siku hizi kila shule yafundisha lugha ile, lakini katika hesabu ya mwaka 2022 watu karibu 72,000 tu, katika milioni tano, walisema kwamba huitumia kila siku nje ya shule.

Mimi sikumvika binti yangu kijiti. Lakini kila nikisema naye Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, nami kwa uchovu humwachia. Lugha ya mama yangu, Kitabwa, sikumfundisha hata neno moja.

Katika basi, tukirudi, aliniuliza: «Baba, na kijiji cha bibi, jina lake maana yake nini?»

Nikanyamaza. Jina nililijua tangu utoto. Maana yake sikupata kuiuliza.

Usiku ule nilimpigia mama simu, kule Moba. Alicheka sana, kiisha akasema: «Mpe huyo mtoto simu, nimwambie mwenyewe.»