Balambala, Mji wa Kando ya Tana

Mgeni atokaye Garissa kuufuata mto Tana kuelekea juu hupita nchi kavu ya vumbi na miiba, mpaka aonapo mikoma na migomba. Ndipo ajuapo kuwa Balambala, mji ulio karibu kabisa na ikweta, hauko mbali. Mwaka 1891 Mwingereza Dundas aliupanda mto huu kwa meli ndogo ya moshi, Kenia. Makumbusho hakuna. Kitazamwacho ni mto wenyewe, jioni, ngamia wanaposhuka kunywa. Ila mgeni asioge, mamba wamo! Mwezi wa Novemba 2023 Tana ilifurika, ikazamisha mashamba ya kandokando yake. Hata hivyo, maji yakipungua wakulima hurudi palepale, kwani tope liachwalo lina rutuba.