Bibi na Vidonge vya Ujana

Kwenye podikasti niliahidi kumalizia stori ya Bibi. Haya, hii hapa.

Jumamosi nimeingia kwake, hapa Scarborough, hata shikamoo sijamaliza, ananipa simu. "Mume wangu, hebu nisomee hii." Mtu wa WhatsApp anauza vidonge vya "kurudisha seli shina ujanani". Magoti yanamuuma Bibi, na pesa alikuwa keshazihesabu.

Nikakaa chini nimweleze. Seli shina ni kama seli mama: zinazaa seli nyingine. Zile za damu zinakaa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Walioonyesha kwamba zipo ni watu wa Toronto hii hii, James Till na Ernest McCulloch, mwaka 1961. Waliwapa panya uboho, wakahesabu vinundu vilivyoota kwenye bandama.

Sasa, seli hizi nazo zinazeeka. Makosa kwenye DNA yanajikusanya, na zinazaa chembe chache za kinga.

"Na dawa?" Ipo inayochunguzwa, rapamaisini. Ilitoka kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, uliochukuliwa na msafara wa Wakanada mwaka 1964. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa inazipa nguvu mpya seli shina za damu za panya wazee. Lakini kwa watu inajulikana zaidi kwa kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa, yaani inatuliza kinga. Si kitu cha kununua kwenye simu. Dawa iliyoidhinishwa ya kurudisha seli shina za binadamu ujanani, bado hakuna.

Bibi akanyamaza kidogo. "Na zako wewe, bado mbichi, zinamsaidia nani?"

Nikakosa jibu.

Rejista ya seli shina ya Kanada inaandikisha watu wa miaka 17 hadi 35, kwa sababu seli za vijana humfaa mgonjwa zaidi. Na kulingana kwa seli kunafuata sana asili ya mtu. Weusi tuliojiandikisha ni wachache, kwa hiyo mtu wetu mwenye saratani ya damu anaweza kusubiri mechi isiyokuja. Kuanza ni kusugua tu mashavu kwa ndani na kijiti cha pamba.

Mimi nina 34. Nimejiandikisha juzi. Bibi pesa zake anazo bado, na magoti tumempelekea daktari.

Wewe una miaka mingapi?