Jicho la Angani na Mvua ya Mawe

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga, na hapa Fort Ternan hata mtoto mdogo anajua mawingu hayo hutoka wapi. Mchana upepo hupanda kutoka Ziwa Victoria kupitia bonde la Nyando, na ukifika milima ya Kericho unakumbana na ule unaovuma kutoka mashariki. Hapo mawingu hupaa kama moshi wa tanuri, na kufikia saa tisa au saa kumi hivi, mawe yanashuka. Wataalamu huihesabu Kericho miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Sifa gani hiyo jamani!

Ndugu msomaji, kogo (ndivyo tunavyomwita nyanya) ana majani chai kule juu mlimani. Mwaka jana mvua ya dakika ishirini tu iliyachanachana machipukizi yote, na kituo cha kununulia hakipokei jani lililoraruka. Karo yangu ya muhula ule ilibidi mbuzi wawili wauzwe.

Ndiyo maana mwalimu wa Jiografia alipotaja setilaiti za hali ya hewa, masikio yalinisimama. Kijijini wako wanaosema ati ni vitu vya kupelelezea watu. La hasha! Setilaiti ya aina hii huwekwa juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Kwa umbali huo huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, kwa hivyo kwetu sisi ni kama imesimama tuli. Meteosat-1, ya kwanza ya Ulaya, ilirushwa Novemba 1977. Mwaka wa 2022 Meteosat-9 ilihamishiwa juu ya Bahari ya Hindi, longitudo ya digrii 45.5 mashariki, upande wa Somalia. Sisi tuko kwenye digrii 35 na kidogo. Kwa vipimo vya angani, huyo ni jirani kabisa!

Jirani huyo hupiga picha kila dakika 15, usiku na mchana, kwa sababu hategemei mwanga wa jua pekee, bali hupima joto pia. Kilele cha wingu kikiwa baridi mno, basi wingu hilo limepaa juu sana, na mawingu ya namna hiyo ndiyo yanayozaa mawe na radi. Picha hizo hutumiwa na watabiri wa Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, Nairobi.

Nilimweleza kogo haya yote jioni tukiambua mahindi. Alisikiza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, hiyo kitu yako ikisema mawe yanakuja, majani chai nitayafunika na nini?"

Swali hilo limenikosesha usingizi. Kweli, ekari nzima haifunikiki. Lakini huku kwetu chini kuna kahawa, na kahawa iliyoanikwa mezani hufunikwa kwa nailoni mara moja, bora tu mtu ajue mapema. Hata majani chai yaliyokomaa yanaweza kuchumwa asubuhi kabla mawe hayajafika. Shida ni kwamba redio hutuambia mvua itanyesha nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa. Nyanda hizo ni kubwa! Mlima mmoja unanyeshewa, wa pili unaota jua. Na setilaiti yenyewe, nukta moja ya picha yake ya joto ni kama kilomita tatu kila upande. Shamba la kogo, kanisa na soko vyote vimo ndani ya nukta hiyo moja.

Kuna nyingine mpya zaidi, Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022, ambayo ina chombo cha kuona miale ya radi, na Afrika pia imo machoni pake. Mimi ningetaka habari zake zitufikie kwa simu, hata kama ni nusu saa tu kabla, kwa Kiswahili ama Kipsigis.

Kogo naye keshanunua nailoni. Ya mahindi yake.