Shahidi Asiyeapishwa

Katikati ya mwaka 1906 aliwasili Masasi mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, akiwa na vyombo viwili vilivyokuwa vigeni kabisa kwa wenyeji: mashine ya kunasa sauti na kamera ya kupiga picha zinazokwenda. Nia yake ya awali ilikuwa kwenda Irangi, lakini machafuko ya huko yalimfanya aelekezwe kusini. Kutoka Lindi alikwenda Masasi, akapita Chingulungulu, akapanda Newala na kufika Mahuta, juu ya uwanda wa Makonde. Hivyo ndivyo nchi ile ilivyoingia katika filamu mapema sana, wakati ambapo hata Ulaya sinema ilikuwa haijatimiza miaka kumi na mitano tangu izaliwe.

Lakini mwaka ule haukuwa mwaka wa kawaida. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka Julai 1905, na mwezi uliofuata misheni ya Masasi, ambayo Askofu Edward Steere aliianzisha mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, ilivamiwa na kuharibiwa. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa risasi, kwa kitanzi na kwa moto. Vijiji na maghala ya nafaka yalichomwa, na katika sehemu nyingi za kusini njaa ikawamaliza wale ambao risasi iliwakosa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wamezungumzia watu 250,000 hadi 300,000.

Sasa msomaji atauliza: kamera iliyofika mahali kama pale, wakati kama ule, ilipiga picha za nini? Jibu ni kwamba ilipiga ngoma. Ilipiga watu wakicheza. Na ngoma zile zilikuwa za kweli, kwani wachezaji walikuwa wenyewe, na vumbi lilikuwa la kwao. Wala haifai kumsingizia Weule kwamba alibuni chochote. Ila alisafiri chini ya ulinzi wa askari wa serikali ileile iliyokuwa imetoka kuizima vita, na aliyeombwa kucheza mbele ya mgeni wa namna hiyo alijua kwamba si kila ombi ni ombi. Yote hayo hayaonekani ndani ya picha. Kwa hiyo filamu isiyo na uongo hata mmoja inaweza ikawa ushahidi usiotosha, kwa sababu ya kilichoachwa nje ya fremu. Hili ndilo somo la kwanza ambalo uwanda wa Makonde unatoa kwa yeyote anayetaka kujua jinsi filamu inavyosimulia dhuluma.

Anayesimama Newala, pale penye Shimo la Mungu, huliona bonde la Ruvuma limelala chini yake, na ng'ambo ni Msumbiji. Huko nako kuna uwanda wa Makonde, na juu yake mji wa Mueda. Tarehe 16 Juni 1960 umati wa wakulima ulikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno. Miongoni mwa waliokwenda kuzungumza na wakubwa walikuwamo Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka upande wa Tanganyika, ambako Wamakonde wengi walikuwa wakifanya kazi na wakiuona uhuru ukibisha hodi. Hao wawili walikamatwa. Watu walipopinga, askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliouawa haijawahi kukubaliwa na pande zote. Masimulizi ya Msumbiji hutaja watu 600. Watafiti wengine wameshusha hesabu hiyo mno. Hakuna mahakama iliyokaa kuichunguza. Na ingekaa ipi? Wahenga walikwisha kusema: kesi ya ngedere hakimu nyani.

Watu wa Mueda hawakuisubiri mahakama. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 walikuwa wakiigiza tukio lile palepale lilipotokea, mbele ya jengo lilelile. Mwaka 1979 Ruy Guerra, mtengenezaji filamu mzaliwa wa Msumbiji aliyepata sifa Brazili, aliliingiza igizo hilo katika filamu yake, Mueda, Memória e Massacre, inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kuigiza ya nchi ile. Ni filamu isiyo na rangi, na wenyeji ndio wachezaji. Maofisa wa Kireno wanaigizwa na Waafrika wenyewe, kwa madaha na vichekesho, na watazamaji waliozunguka uwanja wanacheka. Kisha igizo linasimama, na mtu aliyenusurika anaeleza alichokiona.

Mtazamaji aliyezoea filamu za vibanda vya video hupata taabu hapo. Katika vibanda vile, vilivyoenea Masasi na Newala kama kwingineko nchini, kanuni ilijulikana: steringi hafi. Adui atadhulumu, atachoma nyumba, ataua ndugu wa steringi, lakini kabla ya mkanda kwisha atalipa. Haki katika filamu hizo ni kisasi cha mtu mmoja mwenye nguvu. Mueda haina steringi. Walioonewa ni wengi, na hakuna atokeaye mwishoni kumpiga adui. Badala yake kuna kicheko, na kicheko kile si cha upuuzi. Ni cha mtu aliyekuwa akitetemeka mbele ya kofia ya ofisa, ambaye leo anaivaa kofia ile mwenyewe na kuona kwamba ni kofia tu.

Hata hivyo, filamu hiyo nayo haikusalimika. Baadaye baadhi ya sehemu zake zilikatwa na nyingine kupigwa upya, bila Guerra kushika mkasi, ili simulizi ilingane zaidi na historia iliyotakiwa na chama kilichoshika dola. Jambo hilo halifuti dhambi ya Wareno hata chembe. Linaonyesha tu kwamba shahidi anaweza kufundishwa maneno hata na yule aliye upande wa haki. Na shahidi aliyefundishwa, akigunduliwa, huiharibu kesi nzuri.

Filamu ya tatu ni ya karibuni. Kaburi Wazi, ya Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin mwezi Februari 2024. Inawafuata wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, ambaye kichwa chake kinasimuliwa kuwa kilichukuliwa na kupelekwa Ulaya; na pia ukoo mmoja wa Meru wenye msiba kama huo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha. Filamu nyingine ingeishia hapo: rais ameinamisha kichwa, machozi yametoka, muziki umepanda. Hii haikufanya hivyo. Inakwisha fuvu la Songea halijapatikana, na kaburi liko wazi kama jina lake lisemavyo. Huo ndio uaminifu mkubwa ambao filamu ya namna hii inaweza kuwa nao: kutomwacha mtazamaji aondoke akidhani kwamba, kwa kuwa yeye amelia, basi haki imetendeka.

Ni rahisi, lakini, kuonyesha dhuluma ya mgeni aliyekwisha kuondoka. Kipimo kigumu ni dhuluma ya nyumbani. Januari 2013, katika mwaka wa mzozo wa gesi ya Mtwara, ghasia zilizuka Masasi. Majengo yalichomwa na watu wakapoteza maisha. Mwezi Mei zikazuka Mtwara mjini, na jeshi likapelekwa. Waliofiwa walikuwa wa pande mbalimbali, na kila upande una lake la kueleza. Lakini atakayetaka kuyaweka hayo katika filamu atakutana kwanza na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, inayomtaka apate kibali kabla kamera haijawashwa. Yaani shahidi aombe ruhusa kwa mmoja wa wahusika wa kesi. Haishangazi kwamba wengi hupendelea kusimulia habari za mapenzi na uchawi.

Basi filamu si mahakama, na haifai kudai kiti cha hakimu. Haiwezi kumwita mtuhumiwa akajibu, wala kulipa fidia, wala kurudisha fuvu. Ni shahidi ambaye hakuapishwa, na shahidi wa namna hiyo hupimwa kwa maswali: nani aliyeishika kamera, kwa ulinzi wa nani, nani aliyekata, na waliopigwa picha waliwahi kuonyeshwa?

Swali hili la mwisho linagusa uwanda wenyewe. Picha na sauti alizonasa Weule zilikwenda naye Ujerumani. Siku hizi kuna mazungumzo ya kurudisha mafuvu na vinyago, na ni ya haki. Lakini zile ngoma nazo ni amana. Zirudi Newala, Masasi na Mahuta, zionyeshwe uwanjani jioni kwenye shuka jeupe, na pembeni asimame mtu wa kueleza ni mwaka gani ule, nani walikuwa wamekufa, na maghala yapi yalikuwa majivu wakati kamera inazunguka. Wajukuu na vitukuu wa wachezaji wale watayatambua mapigo ya ngoma ambayo mgeni hakuyaelewa. Huenda pia wakatambua, katika uso mmoja au miwili, jambo ambalo Weule hakuliona ingawa alilipiga picha.