Beringi Iliayo Chini ya Mguu

Wasomaji wetu wamezoea kukuta humu mijadala ya ngeli, tahakiki za riwaya na maswali ya ufundishaji wa insha. Leo tunawaomba watuvumilie tuzungumzie kipande cha chuma cha mviringo, kiasi cha kuenea kiganjani, ambacho kazi yake ni kusukuma klachi ya gari na ambacho kikichakaa hulia. Ni beringi ya klachi. Ilitugharimu fedha, ingaliweza kutugharimu nyingi zaidi, na ilituonyesha jinsi kitenzi kimoja cha sauti kiwezavyo kuwa na thamani ya pesa taslimu.

Sisi ni walimu watatu wa Kiswahili tukaao Gisozi, mjini Kigali, na tunamiliki kwa ushirika gari moja kuukuu la gia za mkono. Aijuaye Gisozi hahitaji kuelezwa habari za miinuko; jina lenyewe lina undugu na umusozi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya mlima. Hapa ndipo penye Gakinjiro, pa maseremala na wachomeleaji vyuma, na hapa ndipo penye Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari yaliyofunguliwa mwaka 2004, walikozikwa watu zaidi ya 250,000. Gari lipitalo mahali kama hapo likipiga yowe humtia mwenyewe haya, hasa mwezi wa Aprili, wakati wa maombolezo.

Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Sahani yake hubanwa juu ya gurudumu zito la injini na kifuniko chenye springi iliyochanua vidole, mfano wa jua lichorwalo na mtoto. Dereva akanyagapo pedali, uma ulio ndani huisukuma beringi mbele, nayo huvikandamiza vidole vile; sahani huachiwa, na injini huzunguka peke yake. Sasa, vidole huzunguka kwa kasi ya injini, ilhali uma hauzunguki kabisa. Beringi ndiyo msuluhishi wao: upande wake mmoja huzunguka, wa pili umetulia, na katikati zimo gololi zilizozama katika grisi. Grisi ikikauka, msuluhishi huanza kunung'unika.

Fundi wa kwanza tuliyemwendea tulimwambia kwamba gari linalia. Pasipo kuliwasha alihukumu kuwa giaboksi imekufa, akataja bei iliyokaribia nusu ya ile tuliyonunulia gari zima. Tulimshukuru tukaondoka. Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Gatsata, mtaa wa jirani uliojulikana kwa mafundi wake kwa miaka mingi. Huyu hakutaja bei. Aliuliza, tena kwa Kiswahili: "Walimu, linalia namna gani? Linavuma, linakwaruza, ama linapiga mluzi?"

Tulitazamana. Mmoja wetu alisema linavuma; wa pili alisema linakereza; wa tatu, mzaliwa wa Bukavu, alishikilia kwamba linaimba. Mzee alicheka sana, kisha akamtuma kijana wake aketi penye usukani.

Jaribio lenyewe ni jepesi, na kila mwenye gari la gia za mkono anaweza kulifanya. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa, gia ikiwa huru na injini ikinguruma taratibu. Mguu ukiwa mbali na pedali, beringi ya klachi aghalabu hunyamaza. Pedali ikiguswa kidogo, mpaka pale inapoanza kupata uzito, mlio huzuka, na kadiri mguu uzidishavyo nguvu ndivyo mlio uzidivyo. Beringi ya mbele ya giaboksi hutenda kinyume: hulia mguu ukiwa juu, na hunyamaza pedali ikikanyagwa, kwa maana shafti iingiayo ndani hupumzika. Tofauti ya giaboksi nzima na kipande kimoja, basi, imo katika swali hilo: hulia lini? Fundi wa kwanza hakuliuliza.

Na swali la "namna gani" nalo lina maana yake. Mluzi mwembamba huashiria grisi inayokwisha. Mkwaruzo mkavu, ukiambatana na mtetemo chini ya unyayo, hueleza kuwa gololi na njia zake zimechubuka. Letu lilikuwa limefika katika mkwaruzo, basi hapakuwa na nafasi ya kungojea mwisho wa mwezi. Beringi iliyofikia hali hiyo huweza kuganda na kutafuna vidole vya springi. Ikivunjika, klachi haiachii tena. Dereva akitereka kuelekea bonde la Nyabugogo, pikipiki zikiwa kushoto na kulia, akitaka kubadili gia asiweze, hatakuwa na faragha ya kufikiri.

Mzee alitueleza pia kinachoziua beringi hizi kabla ya wakati wake. Ni mguu usiobanduka juu ya pedali, na ile desturi tuionayo kila siku katika vilima vya Kigali ya kulizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Penye foleni, alisema, toa gia, vuta breki ya mkono, ondoa mguu.

Kuitoa beringi kwahitaji giaboksi ishushwe, na humo ndimo gharama ilimo. Kwa kuwa kazi ndiyo ghali, si busara kubadili kipande hicho peke yake endapo sahani na kifuniko navyo vimechoka, tulivibadili vyote. Kijana alitaka kuiosha beringi ya zamani kwa petroli ili irudishwe. Mzee alimkataza kwa ukali: petroli huyeyusha grisi iliyofungiwa ndani, na beringi hung'aa kwa siku chache tu. Alikagua uma, akatazama kama mafuta yanavuja kutoka kwenye injini, akapaka grisi kidogo sana pale beringi iteleziapo, akichelea isije ikaruka juu ya sahani na kuifanya iteleze.

Tulipokuwa tukingoja tulijadiliana juu ya jina. Mzee aliita kitu hicho bute, neno la Kifaransa lililolainishwa na gereji. Dar es Salaam tungalisikia rilizi beringi. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wako wenzetu wapendekezao tuunde istilahi mpya kwa kila kifaa. Kwa hili hatukubaliani nao. Beringi ya klachi yatosha. Yeyote ajuaye klachi ataielewa.

Risiti ilikuwa na mistari mitatu: sahani 1, kifuniko 1, bute 1. Mmoja wetu alitoa kalamu nyekundu akaandika pembeni, "beringi ya klachi". Mzee aliisoma, akatikisa kichwa, akasema kwamba tukienda nayo dukani watatuuzia kitu kingine.