Vakansi Karibu na Nyumbani: Ziwa, Mawe na Lac Vert

Mashule yamefunga na watoto wako nyumbani kutwa nzima. Wengi mmeniuliza: "Mwalimu, tuwapeleke wapi hawa watoto?" Wenye ndugu Bukavu au Butembo wanawaza kusafiri, lakini barabara mnazijua na bei mnaijua. Wiki hii nataka kuwaeleza juu ya mahali pa karibu, ambapo mama anaweza kutoka asubuhi na watoto wake na kurudi kabla jua halijazama.

Niseme ukweli kwanza. Nimekulia hapa Keshero, na nilifika Lac Vert mara ya kwanza nikiwa mwalimu tayari. Kwetu ziwa ni mahali pa kuchota maji na kufua nguo, na mlima ni kitu cha kukimbia. Wageni ndio waliokuwa wakilipa dola nyingi ili wapande Nyiragongo walale juu kule kwenye baridi, mita 3,470, wakitazama moto. Sisi tuliuona moto huo bila kulipa.

Safari ya kwanza haina hata nauli. Jioni, mashua ya wavuvi zinapotoka, mshuke na watoto kando ya ziwa. Kila mara ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, na fito ndefu zimetokeza mbele na nyuma kama sharubu. Wavuvi hupiga kasia wakiimba, na giza likiingia wanawasha taa ili kuvuta sambaza. Mwambie mtoto kwamba sambaza hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo tunawala kana kwamba walizaliwa nasi. Binti yangu aliposikia hivyo aliuliza kama walipanda gari. Nilimjibu kwamba kwa miguu hawakuja.

Mjini, wapelekeni kwenye rond-point Chukudu. Pale kuna sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu chake, heshima kwa wale wanaoshusha kabeji, viazi na makala kutoka milimani. Ni sanamu nzuri. Mimi nikipita huwa najiuliza ni lini tutaona ya mama mwenye gunia mgongoni na kamba kwenye paji la uso, maana naye ameilisha Goma. Kutoka hapo waonyesheni mawe meusi yaliyoshuka tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, yakapita katikati ya mji hadi ziwani. Watoto wa leo wanakumbuka ule usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, tulipobeba magodoro tukaelekea Sake. Ule wa 2002 hawaujui, ingawa wanacheza kila siku juu ya mawe ya aina hiyo, na kuta za palseli zetu zimejengwa nayo.

Sasa Lac Vert, ambayo ndiyo niliyotaka kuandika hasa. Panda teksi-basi au pikipiki ya kwenda upande wa Sake, mshuke kabla ya kumaliza Mugunga, halafu mtembee kushoto kuelekea ziwani. Ni ziwa dogo ndani ya shimo la volkano ya zamani, na Ziwa Kivu liko jirani yake kabisa. Ukisimama juu ya ukingo unaona maji mawili: yale makubwa ni ya buluu, haya madogo ni ya kijani kama majani ya sombe yaliyotwangwa. Upepo hauyafikii sana. Watoto wangu, ambao nyumbani hawanyamazi, walinyamaza.

Sehemu hizi pia zimebeba mengi. Mwaka 1994 kulikuwa na kambi za wakimbizi, na katika miaka ya karibuni tumeona tena mahema ya ndugu zetu waliokimbia vita. Ukienda, salimia watu kwanza, kaa nao kidogo, nunua ndizi zao. Usipite kama unaangalia sinema.

Na ni salamu iliyotusaidia. Tulikuwa tukishuka njia ya mkato, mwanangu mdogo akitangulia kwenye kibonde chenye majani mazuri, aliposimama mama mmoja mwenye jembe akapaza sauti: "Mama, rudisha mtoto! Kuna mazuku!" Nilimvuta kwa shati. Yule mama alituonyesha kwa kidole: chini kabisa, kwenye majani, kulikuwa na ndege wawili wamekufa, na hawakuwa na jeraha.

Neno mazuku tunalijua sote Keshero, kwa sababu lipo hata kwetu, na kutoka hapa hadi Nzulo kuna vibonde vingi vya namna hiyo. Lakini darasani nimegundua kwamba watoto wengi wanafikiri ni shetani. Si shetani. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa kwenye shimo kama maji kwenye beseni. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Mtu mzima akisimama, kichwa chake kinaweza kuwa juu yake. Mtoto wa miaka mitatu yuko ndani mzima. Hatari ni kubwa zaidi usiku na alfajiri, kabla upepo haujaamka. Ndiyo maana nasema muende jua likiwa limepanda, mpite kwenye njia za juu, muulize wenyeji, na kibao kikikataza msibishane nacho. Mtu akianguka humo, usiteremke kumwinua, kwani ukiinama nawe unaingia. Piga kelele watu waje, avutwe kwa kamba kutoka juu.

Idjwi nako ni kuzuri, na mananasi yake hayana mfano. Lakini boti nazisemea kwa moyo mzito. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, ile iliyotoka Minova ilizama Kituku ikiwa inaonekana kutoka nchi kavu, na wengi waliokuwemo tuliwajua sokoni. Mimi simpandishi mtoto kwenye boti iliyojaa, wala asipovalishwa jaketi la kuokolea, hata mwenye boti akiapa kwamba safari ni fupi. Afadhali nionekane mama mwoga.

Kwa Lac Vert, bebeni maji ya kunywa kutoka nyumbani, viazi vya kuchemsha, kipande cha fromaji ya Masisi kama mfuko unaruhusu, na kofia, kwa kuwa kiangazi hiki jua na vumbi havina huruma. Viatu viwe vya kufunga, maana mawe yale yanakata kandambili. Watoto wasiachwe kuogelea humo, kingo zake zinateremka ghafla.

Mimi na wanangu tunarudi Jumamosi ijayo. Tutatoka saa tatu asubuhi, upepo ukiwa umeanza. Nimemwahidi yule mama mwenye jembe kilo moja ya sukari.