Majina ya waliozama

Nakusanya vitabu vikuukuu vya wapiga mbizi waliotafuta hazina baharini. Nikipendacho zaidi kinasimulia meli Egypt, iliyozama karibu na Ufaransa mwaka 1922 ikiwa na tani 5 hivi za dhahabu. Waitaliano wa meli Artiglio waliigundua mwaka 1930, kwenye kina cha mita 130 hivi. Desemba ya mwaka huo, walipokuwa wakilipua mabaki ya meli nyingine, mlipuko uliwaua mabingwa wao, akiwemo Alberto Gianni. Wenzao waliitoa dhahabu mwaka 1932.

Mama huniuliza: “Vitabu hivyo vinatuletea nini nyumbani?”

Kaka yangu alifukiwa shimoni akichimba kobalti. Madini yalipimwa, yakauzwa. Jina lake halikuandikwa popote. Ndiyo sababu, nikifungua kitabu, kwanza natafuta majina ya waliokufa.